UZI: Mwenye ghala la karanga akienda seneti, nani anabaki kwenye mizani? Kisa cha kina Carter wa Georgia

MwanaKibaigwa

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi wikiendi.

Mwezi uliopita nilipata siku mbili za mapumziko nikachukua gari toka Clarkston hapa pembeni ya Atlanta nikashuka kusini mpaka Plains, kijiji cha Jimmy Carter. Sikwenda kwa ajili ya urais wake. Nilikwenda kwa ajili ya ghala.

Sababu yenyewe ni ya nyumbani. Sisi kwetu Kibaigwa, Dodoma, tuna ghala la familia, tunanunua karanga na alizeti, tunakoboa, mahindi nayo tunapokea msimu ukifika. Mzee wetu alishakuwa diwani miaka kumi huku ghala likiendelea, na sasa mdogo wangu anataka kugombea kiti hicho hicho, familia imegawanyika vipande viwili, simu zinapigwa mpaka usiku wa manane saa za huku. Nikasema ngoja nimsome mtu aliyepita njia hiyo hiyo, karanga hizo hizo, halafu nije niandike hapa.

Carter wengi tunamjua kuanzia 1976 aliposhinda urais. Kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara wa mji mdogo, anauza mbegu za karanga na mbolea, ananunua mavuno ya wakulima, na kuanzia Januari 1963 mpaka 1967 alikuwa seneta wa jimbo. Naomba tuelewane hapo maana kwetu neno jimbo linachanganya: Marekani kila jimbo lina bunge lake lenye nyumba mbili, la Georgia linakaa Atlanta, halihusiani na lile la Washington. Na halikai mwaka mzima, linakutana Januari kwa siku kama 40 za vikao halafu watu wanarudi kwenye shughuli zao. Ndo maana limejaa wakulima, mawakili, wenye maduka, wenye bima. Mshahara wake hauwezi kulisha familia, kwa hiyo mfumo wenyewe unategemea uwe na kitu kingine cha kula.

Sasa cheki ilivyoanza.

Baba yake, Earl Carter, alikuwa na mashamba pale Archery, maili chache nje ya Plains, na pembeni ya nyumba alikuwa na duka. Lile duka lipo mpaka leo, serikali imelitunza kama makumbusho. Nilisimama ndani kama nusu saa. Ni chumba kimoja cha mbao, rafu mpaka juu, kaunta, mlango mfupi wa kutokea upande wa nyumba. Humo wafanyakazi wake, wengi weusi waliokuwa wanalima kwa kugawana mavuno, walikuwa wanachukua sukari, ugoro, mafuta ya taa, nguo za kazi, kwa mali kauli, halafu hesabu inakatwa mwisho wa msimu. Enzi hizo za mdororo wa uchumi kibarua cha siku nzima shambani kilikuwa dola 1. Nikasema mimi hiki chumba nakijua, nimekulia humu humu, tofauti ni kwamba letu lina mabati.

Earl alichaguliwa kuingia baraza la wawakilishi la jimbo mwaka 1952, akaingia 1953, na Julai mwaka huo huo akafariki kwa saratani ya kongosho. Miezi tu. Alipokuwa kitandani watu wakawa wanakuja mmoja mmoja, weusi na weupe, wanamweleza Jimmy mambo ambayo familia haikuyajua, huyu alikopeshwa, huyu alisaidiwa mtoto. Na mirathi ilipofunguliwa ikawa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, maana mzee alikuwa amesamehe madeni mengi ya watu na kilichobaki kikagawanywa kwa warithi.

Jimmy wakati huo ni ofisa wa jeshi la maji, yupo kwenye programu ya nyambizi za nyuklia, kazi ya heshima na mshahara mzuri. Akaamua kurudi kushika biashara. Mkewe Rosalynn hakutaka kabisa. Hapa ndo pananigusa: Carter mwenyewe amesimulia kwamba safari ya kurudi Georgia mama hakumsemesha, akitaka gari isimame anamwambia mtoto wao mkubwa Jack, mwambie baba yako tunataka kujisaidia. Toka kaskazini mpaka Georgia, mtoto wa miaka sita ndo mkalimani.

Wakafikia nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Mwaka wa kwanza wa mavuno, 1954, ukame. Faida ya mwaka mzima haikufika dola 300. Wakulima aliowakopesha mbegu na mbolea hawakuwa na cha kulipa, na yeye hawezi kuwafuata maana mvua haikunyesha kwa yeyote. Akawa anazunguka benki kutafuta mkopo wa kuendeleza ghala.

Hapo Rosalynn akaingia ofisini. Alianza kwa kupokea simu siku moja moja, halafu akaazima vitabu vya uhasibu kwa rafiki, akajifundisha, akachukua mahesabu yote. Baada ya muda yeye ndo anajua kipi kinaleta faida na kipi tunafanya kwa mazoea, nani analipa na nani wa kusubiri. Mumewe akawa anamuuliza yeye kabla ya kuamua.

Naendelea chini, msini-quote kwanza jamani.

MwanaKibaigwa

Inaendelea.

Tarehe 1 Oktoba 1962, siku anatimiza miaka 38, Carter aliamka akavaa suruali ya Jumapili badala ya nguo za ghalani. Rosalynn akamuuliza kama kuna msiba. Akamjibu hapana, naenda Americus kujiandikisha kugombea seneti. Hakuwa amemshirikisha. Nimeisoma mara nyingi hii na kila mara namuona mama yangu amesimama mlangoni na kanga yake.

Kwa nini mwaka ule? Kabla ya hapo Georgia ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu kura kwa kaunti, yaani kaunti ndogo ya vijijini ina uzito mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na watu wake, Atlanta inamezwa. Machi 1962 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Baker na Carr ikafungua mlango wa kupinga mgawanyo wa namna hiyo, mambo yakabadilika haraka, majimbo ya seneti yakachorwa upya na mchujo mpya wa chama cha Democratic ukaitishwa Oktoba, uchaguzi wenyewe Novemba. Kampeni ilikuwa wiki mbili tu, wilaya ya kaunti saba. Mpinzani wake Homer Moore naye mtu wa ghala la karanga, wa Richland. Kwa hiyo ni ghala kwa ghala.

Siku ya kura, Oktoba 16, kule Georgetown makao ya kaunti ya Quitman, kulikuwa na bwana anaitwa Joe Hurst ndo mwenye mji. Watu walikuwa wanapigia kura mezani mbele yake, hakuna pa kujificha, anawaonyesha jina la kufuta. Boksi la kura lilikuwa la karatasi, la kubebea chupa za pombe, limetobolewa tundu juu. Vishina vya karatasi vilikuwa 333, kura zilizohesabiwa 420. Kwenye orodha kuna watu 117 waliopiga kura kwa mpangilio wa alfabeti, wamepanga foleni kwa herufi! Humo kuna marehemu na kuna waliokuwa jela. Carter akatangazwa kashindwa kwa kura 139.

Mtu mwingine angerudi ghalani. Yeye akaenda kaunti ile nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa kuapa, mwandishi John Pennington wa gazeti la Atlanta akaivalia njuga, akapata wakili kutoka Atlanta, Charles Kirbo, na kura zilipofunguliwa mbele ya Jaji Carl Crow zikakutwa kura kama mia zimekunjwa pamoja zimefungwa kwa mpira. Jaji akazitupa zote za Georgetown. Hata hapo haikuisha, usiku wa kuamkia uchaguzi wenyewe wa Novemba jaji mwingine akaamuru majina yafutwe, wapiga kura waandike jina kwa mkono. Carter akapata 3,013 na Moore 2,182. Alikuja kuapishwa Januari bado hajui kama atapingwa mlangoni.

Na wiki zote hizo ni msimu wa mavuno wakuu. Kule karanga zinavunwa kuanzia Agosti mwishoni mpaka Oktoba, matrela yamepanga foleni nje, wakulima wanataka kupimiwa unyevu, wanataka hela yao. Mwenye ghala yuko Georgetown anatafuta mashahidi. Nani alikuwa kwenye mizani? Rosalynn. Na alipoenda Atlanta kila Januari, nani? Rosalynn, baadae na Billy mdogo wake Carter. Barua za wapiga kura nazo anajibu huyo huyo mama.

Ndo nilichokuja kusema kwenye uzi huu. Tukimjadili mfanyabiashara anayeenda bungeni tunajadili yeye tu, ataiba au hataiba, atajipa tenda au hatajipa. Ni muhimu. Lakini mi naona swali la kwanza ni la yule anayebaki, ameulizwa? Anajua mahesabu? Jina lake liko kwenye makaratasi ya biashara au ni mke wa mheshimiwa tu?

MpimaMizani

Mkuu shukrani, nimesoma yote. Mi nipo soko la mahindi hapo hapo kwenu, dalali. Nikuulize kitu kimoja, hao Carter walikuwa wananunua karanga kwa wakulima au wanahifadhi tu? Maana biashara ya kununua na siasa haviendi kabisa. Mkulima akija na gunia la lumbesa au mzigo una unyevu, nikimkatia bei anasema sawa ndo biashara. Ukiwa diwani ukimkatia anasema huyu kura yangu aliitaka leo ananipunja. Huwezi hata kupiga bambo kuchomoa sampuli kwenye gunia lake akuangalie usoni.

MwanaKibaigwa

@MpimaMizani umeigusa nyumba yangu kabisa. Walikuwa wananunua, wanahifadhi, wanakoboa, wanauza mbegu zilizothibitishwa, mbolea, na walikuwa na jineri ya pamba pia.

Kwa mzee wangu ilikuwa hivyo hivyo unavyosema. Kabla hajawa diwani mali kauli ilikuwa inarudi, sio yote, ila inarudi. Alivyochaguliwa tu ikaanza lugha ya "mheshimiwa si utanielewa". Mtu anachukua mifuko miwili ya mbegu, Juni hajalipa, Agosti anapeleka karanga zake kwa mnunuzi mwingine na anapita mbele ya ghala letu. Mzee hawezi kusema neno maana uchaguzi unakuja. Mama alikuwa na daftari, kaunta buku ya kava gumu, jina upande wa kushoto, kiasi upande wa kulia, akilipa anakata mstari kwa rula. Miaka ile ya udiwani kuna kurasa nzima hazina mstari hata mmoja. Mama hakupigiwa kura na mtu, ila ndo alikuwa anaenda kuomba benki watuongezee muda.

Asha_wa_Pangani

Naomba nipingane kidogo. Mnampamba sana huyo mzee Earl, eti kasamehe madeni. Madeni yenyewe ni ya watu weusi waliokuwa wanalima shamba lake kwa kugawana, wananunua dukani kwake, bei anapanga yeye, mizani yake, daftari lake. Halafu hao hao hawaruhusiwi kupiga kura. Amewakilisha nani huko bungeni? Kusamehe deni la mtu uliyemfunga kwa deni sio wema wa kusimulia.

MwanaKibaigwa

@Asha_wa_Pangani dada una haki kabisa na nilitakiwa niliseme mwenyewe. Earl aliamini ubaguzi, mwanae mwenyewe ameandika hivyo bila kuficha. Nilivyosimama kwenye lile duka nilifikiria hilo hilo, kwamba kaunta ile ina pande mbili na hesabu ilikuwa inaandikwa na upande mmoja.

Ila ndo maana naona Jimmy ni kisa tofauti kidogo. Kule katikati ya miaka ya 50, baada ya mahakama kupiga marufuku ubaguzi shuleni 1954, weupe wa kusini waliunda mabaraza ya kupinga. Pale Plains wakamfuata ghalani ajiunge, ada ni dola 5, watu wakajitolea mpaka kumlipia. Akakataa, mwanaume mweupe pekee mji mzima aliyekataa. Wateja wakamgomea. Fikiria una ghala moja, mji wenyewe watu mia chache, wakulima wote wanajuana, wanakubaliana wasikuletee mzigo. Mgomo haukudumu sana, walirudi, lakini alipokuwa anakataa hakujua kama watarudi. Baadae akiwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya kaunti ya Sumter akaunga mkono kuunganisha shule, kura ikashindwa, na akakuta bango la matusi ya rangi limebandikwa kwenye mlango wa ghala.

Na hotuba yake ya kwanza pale seneti ilikuwa ya kupinga yale maswali 30 waliyokuwa wanaulizwa watu weusi kabla ya kuandikishwa kupiga kura, maswali ambayo hata wakili angekwama.

Simtakasi. Miaka hiyo hakuwa anaongoza maandamano, alikuwa kimya kwa mengi, na 1970 kwenye kampeni ya ugavana alitafuta kura za wabaguzi waziwazi, ndo baada ya kushinda akasimama siku ya kuapishwa akasema wakati wa ubaguzi umekwisha. Watu weusi wa Georgia waliotangulia kufungwa na kupigwa ndo waliofungua njia, hilo naliweka mbele.

Asha_wa_Pangani

Sawa hapo nimekuelewa. Hilo la 1970 wengi huwa wanaliruka.

KijanaWaKongwa

Mmenikumbusha babu. Karanga na Kongwa ni historia nyingine, Waingereza walikuja hapa 1947 na matrekta, mpango wa karanga wa Tanganyika, wakamwaga zaidi ya pauni milioni 30, ardhi ngumu mvua haba, 1951 wakafunga. Babu alifanya kibarua pale, alikuwa anasema mitambo iliharibika kabla karanga hazijaota. Sasa nikisoma huyo bwana anapata faida isiyofika dola 300 ukame wa 1954 naona karanga haijali we ni nani.

Swali langu. Ghala liliishaje? Maana alienda juu mpaka urais.

MwanaKibaigwa

@KijanaWaKongwa hapo ndo penye somo lenyewe, tulia nikueleze vizuri.

Akiwa seneta hakukuwa na shida kubwa, ni siku 40, anarudi. Kule seneti alijiwekea nadhiri asipigie kura muswada ambao hajausoma, ikawa mingi mpaka akaenda kusoma kozi ya kusoma haraka haraka. Akapigania chuo cha Americus, Georgia Southwestern, kiwe cha miaka minne, kikawa. 1966 akaacha kiti akagombea ugavana, akashindwa. 1970 akashinda. Akiwa gavana Atlanta, Billy ndo akawa anaendesha ghala, na lilikua kweli kweli, wakachukua mikopo mikubwa kwa mitambo ya kukoboa.

1977 anaingia ikulu, akaamua kuweka biashara kwenye amana, yaani inakabidhiwa kwa msimamizi, mwenyewe haruhusiwi kujua kinachoendelea wala kutoa amri. Msimamizi akawa yule yule wakili Kirbo. Billy naye akatoka mwaka huo. Rosalynn yupo Washington. Kwa mara ya kwanza tangu 1953 pale Plains hakuna Carter kwenye mizani.

1979 zikaja tuhuma kwamba mikopo ya benki kwa ghala ilipelekwa kwenye kampeni ya 1976. Akateuliwa mchunguzi maalum, Paul Curran, mtu wa chama pinzani. Rais akahojiwa chini ya kiapo, makaratasi yote ya ghala yakatolewa, risiti, vitabu vya mahesabu vya miaka. Oktoba mwaka huo Curran akatoa ripoti, hakuna senti iliyoenda kwenye kampeni. Ghala limesafishwa. Sasa mi najiuliza kama yule mama asingeanza kuandika vitabu vizuri tangu enzi za nyumba ya serikali, ingekuwaje? Biashara ngapi za familia zetu leo zinaweza kutoa mahesabu ya miaka mitatu yakakaguliwa na mtu asiyekupenda?

Halafu Januari 1981 wanarudi nyumbani, ameshindwa na Reagan. Wakili anawaeleza hali: miaka ya ukame, usimamizi mbaya, ghala linadaiwa zaidi ya dola milioni 1. Walidhani watapoteza hata mashamba. Mwaka huo huo wakaliuza kwa kampuni kubwa ya nafaka, Archer Daniels Midland, wakalipa madeni, wakakaa chini kuandika vitabu ndo wapate kula. Ghala la toka enzi za baba likaishia hapo. Nyumba hawakuuza, ile ile ya vyumba viwili vya kulala waliyoijenga 1961 ndo walikaa mpaka mwisho, Rosalynn akafariki Novemba 2023 na Carter Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Wamezikwa hapo hapo kwenye kiwanja.

MpimaMizani

Aisee. Kwa hiyo kufanya jambo sahihi ndo kulimfilisi.

MwanaKibaigwa

Sio lenyewe tu mkuu, ukame ulikuwepo. Lakini ndio, alilipa. Na akiulizwa baadae hakusema anajuta kuiweka amana.

Njeri_wa_Nakuru

Niaje watu wa TZ. Mimi napenda ile sehemu ya boksi. Huku Kenya 2017 hiyo taasisi yake, Carter Center, ilikuwa na waangalizi hapa, na mnajua vile iliisha, Septemba mahakama ya juu ikafuta uchaguzi wa rais. Watu wengi walilaumu waangalizi wote wa nje, walisema mambo iko sawa mapema sana, na mimi nilikuwa mmoja wa wale walikasirika. Sikuwa najua huyo mzee mwenyewe aliwahi kuibiwa kura kwa karatoni ya pombe. Inafanya nisome ile ripoti yao ya mwisho tena vizuri.

MwanaKibaigwa

Karibu dada Njeri. Hasira hiyo ina haki yake. Yeye mwenyewe aliandika kitabu kizima juu ya ile Oktoba 1962, kwa hiyo ile kaunti ndogo hakuisahau. Kituo chake kimeangalia chaguzi zaidi ya 100 duniani, Congo nayo 2006 na 2011.

Mzalendo_Mstaafu

Vijana, niongeze kitu. Sisi tuliokuwa watu wazima baada ya Azimio la Arusha 1967 jambo hili tulilijadili mpaka kwenye matawi. Miiko ya uongozi ilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Nia ilikuwa njema sana na mimi niliiamini. Lakini niliona pia mtu anaandikisha duka kwa jina la shemeji. Baadae Zanzibar 1991 masharti yakalegezwa na sasa tuna sheria ya maadili ya 1995 ya kutangaza mali. Marekani wao wameruhusu mfanyabiashara aingie, sawa, je huyo seneta hakuwa anatunga sheria za karanga zake mwenyewe?

MwanaKibaigwa

Shikamoo mzee. Swali zuri sana. Bei ya karanga na ekari za kulima zilikuwa zinapangwa na serikali kuu Washington, mkulima anagawiwa kiasi chake cha ekari na anahakikishiwa bei ya chini. Kwa hiyo seneti ya jimbo haikuwa na mkono kwenye bei yenyewe. Lakini kodi, barabara za vijijini, shule, vituo vya utafiti wa kilimo, hivyo vyote jimbo linagusa na vyote vinamfaidisha mwenye ghala. Mgongano upo hapo, siwezi kusema haupo.

Na majimbo yanatofautiana sana mzee wangu. New Hampshire mbunge analipwa dola 100 kwa mwaka, New Mexico hakuna mshahara, Texas dola 600 kwa mwezi na bunge linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili. California ni kazi ya kudumu yenye mshahara kamili. Sasa ukilipa dola 100 unapata nani? Unapata mwenye biashara au mstaafu. Kibarua wa kiwandani hawezi kuacha kazi miezi miwili. Hilo ndo linaniuma kwenye mfumo wao, mfanyakazi wa ghala la Carter asingeweza kuwa seneta hata angekuwa na akili kuliko tajiri yake.

Mzalendo_Mstaafu

Marahaba. Nimekuelewa. Na hapo kwenye kibarua umesema kweli tupu.

Asha_wa_Pangani

Kina Carter wameendelea na siasa au yamekwisha?

MwanaKibaigwa

Mjukuu wake, Jason, naye alikuwa seneta wa jimbo la Georgia kuanzia 2010, akagombea ugavana 2014 akashindwa. Huyo ni wakili, hana ghala. Kwa hiyo babu mzaa babu, babu, na mjukuu wote wamepita kwenye jengo lile lile la Atlanta.

KijanaWaKongwa

Nikija huko nataka kufika. Pakoje?

MwanaKibaigwa

Kamji kadogo sana, watu hawafiki 600. Kutoka Atlanta ni masaa mawili na nusu au matatu, unapita Americus, halafu mashamba mashamba. Reli inakata katikati, kuna kituo cha treni cha mbao ndo kilikuwa ofisi ya kampeni 1976, na mtaa mmoja wa maduka ya matofali yamegusana. Nje kidogo kuna sanamu ya karanga kubwa kuliko mtu inatabasamu. Maghala bado yapo, mabati, yananukia ile harufu ya maganda, nilishusha kioo nikakaa tu kwenye gari. Jua la Agosti lisikie, nenda Machi au Novemba.

MpimaMizani

Sasa mkuu turudi nyumbani. Mdogo wako agombee asigombee? Maana namjua yule kijana, ni mchapakazi, na kata inamhitaji kwa kweli, ile barabara ya mnadani mvua ikinyesha hakipiti kitu.

MwanaKibaigwa

Najua, na mimi namuunga mkono. Jumapili tulikaa kikao kwa simu, mimi huku usiku wao kule asubuhi baada ya misa. Nimewaeleza hii habari yote. Tumekubaliana mambo mawili. Mali kauli inasimama mwaka mmoja kabla ya kampeni, kwa kila mtu, hata shangazi. Na shemeji yetu, mke wa huyo mdogo wangu, ambaye miaka minne sasa ndo anaandika vitabu na hakuna aliyekuwa anamwita mwenye biashara, anaingizwa kwenye makaratasi ya BRELA kama mbia mwenye hisa zake.

Shemeji alikuwa kimya kikao chote. Mwisho mama akamuuliza we mwanangu unasemaje, akasema yeye hana pingamizi na udiwani, anataka tu ajue kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, mzigo ukiwa unaingia, nani atakuwa naye ghalani, maana watoto bado wadogo na makuli hawapakii bila mtu wa kuhesabu. Mdogo wangu hakuwa na jibu. Shemeji kampa mpaka Jumapili ijayo.